Damu ya Ukoo Gani?

Zamani, katika milima yetu ya Upare, kijana alipotaja nyumbani jina la mchumba, swali la kwanza la wazee halikuwa kama binti ni mzuri au ni mchapakazi. Waliuliza: ni wa ukoo gani? Kisha watu walitumwa kimya kimya kupeleleza kama katika ukoo ule kuna kifafa, ukoma, wazimu, au watoto wasiosema. Jibu likiwa baya, posa ilikufa hapo hapo. Kwa namna yao wazee wetu walikuwa watafiti, kwani walikuwa wameona kwamba yako mambo yanayotembea katika damu kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Lakini walikuwa pia mahakimu, na hukumu yao mara nyingi ilimwangukia mama.

Swali hilo halijafa. Hivi leo linaulizwa juu ya watoto wenye usonji. Usonji ni hali ya ubongo inayoanza utotoni. Mtoto hupata shida ya kuzungumza na kuchangamana na wenzake, hushikilia jambo moja na kulirudia, na pengine kelele au mguso mdogo humtaabisha sana. Wako wasiosema kabisa, na wako wasemao vizuri hata wakafika chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Si jambo la nadra, na Same hatukuachwa nyuma.

Ndugu msomaji, nataka nikueleze historia ya wazo moja ambalo wataalamu wamelifuatilia kwa zaidi ya miaka 50, nalo ni kwamba jeni zile zile zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi huenda zina mkono katika usonji. Wazo hilo lilizaliwa mbali, lakini sehemu ya historia yake imepita hapa Tanzania, na kwa kulielewa tunaweza kuwaondolea kina mama mzigo usiokuwa wao.

Tuanze na lawama yenyewe, maana ina historia ndefu. Mgeni afikaye Mbaga huonyeshwa jiwe la Malameni. Wenyeji husimulia kwamba hadi miaka ya 1930 watoto waliohesabiwa kuwa na nuksi walitolewa kafara hapo ili jamii isipatwe na balaa. Silitaji jiwe hilo ili kuwaaibisha wazee. Walioishi kwa hofu ya njaa na maradhi walitafuta sababu, na sababu iliyokuwa karibu ilikuwa mtoto.

Lakini tusidhani kwamba waliosoma sana walifanya vizuri zaidi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu, na kwa maandishi yake hali hii ikapata jina katika utabibu. Baada yake ikaenea kauli kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, mama baridi kama barafu. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliitangaza kauli hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mbaga walilaumu nuksi, Chicago wakamlaumu mama. Nasi tuna methali yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ambayo ni ya kweli katika mengi, lakini ikitupwa usoni pa mama mwenye mtoto wa usonji inakuwa jiwe.

Kauli ya Chicago ilivunjwa na mapacha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa matokeo ya uchunguzi wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Jozi 11 zilikuwa za mapacha wa kufanana, yaani wenye jeni zilezile, na 10 zilikuwa za mapacha wasiofanana. Katika wale wa kufanana, jozi nne zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili. Katika wale wasiofanana haikuwapo hata moja. Kama ubaridi wa mama ungekuwa sababu, mapacha wote waliolelewa katika nyumba moja wangeumia sawasawa. Kumbe wazee wetu walikuwa na haki nusu, kwani damu imo. Lakini ni sehemu gani ya damu?

Hapo ndipo kinga ya mwili inapoingia. Mwaka 1971 daktari Stella Chess wa New York alieleza habari za watoto 243 ambao mama zao walipata ugonjwa wa rubela wakiwa wajawazito, katika mlipuko mkubwa wa mwaka 1964. Watoto 10 kati yao walikuwa na usonji kamili na wanane walikuwa na dalili zake kwa sehemu. Kwa kundi dogo kama lile, idadi hiyo ilikuwa kubwa mno. Mwaka huohuo wataalamu wengine wa Marekani waliandika juu ya familia moja yenye mtoto wa usonji na ndugu wenye maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Watu wakaanza kujiuliza kama vita ya mwili dhidi ya vijidudu inaweza kuugusa ubongo unaojengwa.

Katika kromosomu ya 6 liko kundi la jeni liitwalo HLA. Kazi yake nitaieleza kwa mfano wa balozi wa nyumba kumi. Balozi huwajua wakazi wake, na akimwona mgeni asiyeeleweka humpeleka mbele ya mgambo. HLA nayo huwaonyesha askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, kipi ni cha kwetu na kipi ni cha adui. Karibu na jeni hizo ziko nyingine, kama ile iitwayo C4, zinazotengeneza protini za kuwatia alama vijidudu ili vimezwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Reed Warren na wenzake wa jimbo la Utah, Marekani, waliripoti kwamba aina fulani za jeni hizi, C4 zikiwamo, zilionekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wengine. Uchunguzi wao ulihusu watu wachache, lakini ulifungua mlango.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu jeni za kinga zina historia, na historia hiyo kwetu inaitwa malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba damu yenye jeni ya selimundu ilikuwa kwa watu wengi wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, lakini ilikuwa adimu kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe. Mwaka 1991 Adrian Hill na wenzake waliripoti kutoka Gambia kwamba aina mojawapo ya HLA nayo iliwakinga watoto na malaria kali. Basi damu tuliyo nayo ni daftari la vita walivyopigana waliotutangulia. Aliyeokoka ndiye aliyeacha watoto, na aliwaachia pia silaha zake, zenye faida na zenye gharama.

Sisi Wapare tunalifahamu jambo hili kwa miguu yetu. Mtu anaweza kushuka kutoka Chome, chini ya kilele cha Shengena, akafika tambarare kabla ya jua kuchwa, na katika safari hiyo moja akatoka penye mbu wachache akaingia penye mbu wengi. Wazee wa milimani walituonya tusilale tambarare. Mwaka 1954 serikali za kikoloni za Tanganyika na Kenya zilianza mpango wa kupambana na malaria katika tambarare za Upare ya Kusini na Taveta, chini ya taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, Usambara. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba zilipulizwa dawa ya dieldrin. Nilikuwa mtoto wa miaka kama saba, nawakumbuka wapulizaji wenye mabomba mgongoni, na vyombo vya mama vikitolewa uani.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mbu wa aina ya funestus alitoweka katika eneo lililopulizwa, upungufu wa damu ulipungua na vifo vya watoto wachanga vilishuka. Upulizaji ulipokwisha malaria ilirudi polepole, lakini vifo havikurudi palepale vilipokuwa. Miaka mingi baadaye, katika taarifa ya mwaka 2005, watafiti walipima damu za watu wa vijiji vya Upare, Usambara na Rombo, na wakaweza kusoma katika kingamwili zao nguvu ya malaria ya miaka iliyopita, kadiri kijiji kilivyo juu au chini mlimani. Nimefundisha historia kwa nyaraka maisha yangu yote. Sikujua kwamba tone la damu nalo ni nyaraka.

Mtaniuliza, usonji umeingiaje hapa? Umeingia mwaka 2006. Mwaka huo ilitolewa taarifa ya watoto 20 wa Tanzania. Kati ya walioiandika alikuwamo Noah Ndosi, Mtanzania, na Susan Folstein, yuleyule wa mapacha wa mwaka 1977. Watoto 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri hadi umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha wakaugua malaria kali, kwa homa ya muda mrefu na degedege, na walipopona usonji ukaonekana. Kwa wengine wanne malaria na usonji vilikaribiana kwa wakati, lakini uhusiano haukuwa wazi. Kwa saba waliobaki malaria haikuhusika. Jambo jingine liliwashangaza wataalamu. Kwa kawaida wavulana wenye usonji ni wengi kuliko wasichana, lakini katika wale watatu wasichana walikuwa wawili.

Nawasihi tusome takwimu hizi kwa utulivu. Watoto watatu si ushahidi wa kuhukumia. Nchi ambayo karibu kila mtoto wa tambarare aliugua homa, mambo mawili yanaweza kufuatana bila moja kuzaa jingine. Hata hivyo, kila mmoja wetu amemsikia mama akisema, alikuwa akiita baba, akaita mama, kisha ikaja degedege. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba degedege huletwa na ndege au pepo, na kwamba sindano ya hospitali humwua mtoto mwenye degedege. Wakampeleka kwanza kwa mganga, na saa za thamani zikapita. Taarifa ile iliwapa akina mama hao heshima ya kusikilizwa.

Njia inayoweza kuunganisha kinga na ubongo imeanza kufahamika. Mwaka 1998 kundi la Carla Shatz wa Marekani lilionyesha kwamba jeni za jamii ya HLA hufanya kazi ndani ya ubongo wenyewe, na mwaka 2007 ikaonekana kwa panya kwamba protini za kuwatia alama vijidudu huvitia alama pia viungo vya kuunganisha neva. Mkulima wa kahawa atanielewa upesi. Ubongo wa mtoto huchipua matawi mengi kuliko yanayohitajika, kisha hupogolewa, na miongoni mwa wanaopogoa wamo askari wa kinga. Ukipogoa kupita kiasi mti hudhoofu, na usipopogoa vya kutosha unakuwa kichaka. Homa kali, au jeni iliyokaza au kulegeza mkono wa mpogoaji, inaweza kubadili umbo la mti. Mwaka 2010 Denmark ilitoa hesabu ya watoto zaidi ya milioni 1.6. Kina mama waliolazwa kwa maambukizo ya virusi katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba walizaa watoto wenye usonji karibu mara tatu zaidi ya wengine, ingawa hata kwao walio wengi sana walizaa watoto wasio na usonji.

Na tuseme pia upande wa pili. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa jeni za watu 18,381 wenye usonji. Sehemu tano za jeni zilijitokeza kwa uhakika, na hakuna hata moja iliyokuwa katika kundi la HLA. Katika ugonjwa mwingine wa akili, skizofrenia, kundi hilo hujitokeza kwa nguvu, na C4 imetajwa waziwazi tangu mwaka 2016. Kwa usonji, basi, jeni za kinga ni shahidi anayehojiwa, si mshtakiwa aliyetiwa hatiani. Aidha, damu nyingi zilizopimwa zilikuwa za watu wa asili ya Ulaya, ambao historia yao ya maradhi si yetu. Ndiyo maana nafurahi kwamba Kilifi, kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya, na Cape Town, damu za watoto wa Kiafrika wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo zimekusanywa na kuchunguzwa.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Miaka michache iliyopita niliitwa katika kikao cha ukoo, katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameacha kusema baada ya kuugua. Upande wa baba ulitaka mama arudishwe kwao pamoja na mtoto, kwa madai kwamba ameleta damu mbaya. Mama alikaa karibu na mlango, mtoto magotini akizungusha kifuniko cha sufuria, wala hakuna aliyemwuliza neno. Niliwaambia, “Wazee wangu, mnaitafuta damu ya mama peke yake. Mtoto huyu ana nusu ya mama na nusu yenu. Na yako mabadiliko ya jeni ambayo mama hanayo wala baba hanayo, huzaliwa mapya na mtoto. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba mengi kati ya hayo hutoka kwa baba, na huongezeka kadiri umri wa baba unavyoongezeka.” Baraza lilinyamaza, kwa maana baba wa mtoto hakuwa kijana. Kisha mzee mmoja akasema, “Mwalimu, basi tumrudishe nani?” Watu wakacheka, na kile kicheko kikavunja kikao. Mama hakurudishwa. Mtoto hajaanza kusema, lakini hafichwi tena chumbani wageni wanapofika.

Nimeshaona watoto wakifichwa, na nimeona walimu wanafunzi wakirudi kutoka mazoezi ya kufundisha wakiwa na maswali ambayo mitaala yetu ya zamani haikuyajibu. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimeandaa walimu wa elimu maalumu, lakini mwalimu mmoja wa Patandi hawezi kutosha tarafa nzima. Kila mwalimu wa darasa la kwanza anapaswa kumtambua mtoto huyu, asimwite mkaidi wala kiziwi.

Namalizia kwa mambo tunayoweza kuyafanya leo bila kungoja wataalamu wamalize ubishi wao. Degedege ni safari ya hospitali, usiku huohuo. Chandarua kitumike kila usiku, tambarare na hata milimani, maana mbu hajui mpaka. Chanjo nazo zisiogopwe. Ile hofu ya kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilitokana na makala ya mwaka 1998 yenye watoto 12 tu, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka 2019 Denmark ilichunguza watoto 657,461 bila kuona uhusiano wowote. Nchi yetu iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, na rubela ndiyo hasa iliyothibitika kumdhuru mtoto tumboni. Anayemkimbia mchanjaji kwa kuogopa usonji anakimbilia hatarini.

Na mtoto ambaye tayari anao usonji hahitaji tumjue mwenye kosa. Anahitaji mtu wa kukaa naye, kumwonyesha jambo moja mara mia, na kumpeleka shule. Hizo gharama za kikao, mbuzi na pombe na nauli za wajumbe, zingetosha kununua sare na madaftari ya mwaka mzima.